Baba, Jana Nilinukia Bahari

Baba,

Nimesoma! Nimesimama mbele ya wazazi, walimu na mgeni rasmi, nikasoma risala ya mahafali yetu ya kidato cha nne kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sikulia, sikukimbia. Mimi, Nyamizi wako, uliyekuwa ukinituma dukani nikarudi bila sukari kwa sababu nimeona aibu kumwita muuzaji! Nisamehe mwandiko, nina haraka ya kukwambia.

Unaikumbuka ile chupa ya bluu ya manukato, uliyokuja nayo kutoka Dar ulipopeleka asali ya Sikonge kwa lori lako? Kwenye kasha waliandika ni ya wanawake na wanaume, ukasema basi ni yetu sote. Mama akacheka kwamba inanuka dagaa waliooga. Mimi niliipenda: chumvi, limau kidogo, na kitu kama mawe yaliyolowa. Jumapili za kiangazi, kabla ya misa, ulijipulizia mara mbili shingoni, mimi mara moja kwenye kifundo cha mkono. "Subiri jasho," ulikuwa ukisema. "Ukipata joto, ndipo bahari inakuja." Na uliniahidi nikimaliza shule utanipandisha kwenye lori nikaione yenyewe.

Halafu ukafa.

Siku ya mazishi, Mzee Pazi, fundi wa lori lako, alifanya utani wao Wazaramo wa pwani kwetu sisi Wanyamwezi. Alivaa kofia yako, akachechemea kama wewe, akapuliza chupa yako hewani. "Mnyamwezi huyu! Babu zake walibeba mizigo ya pwani kwa miguu mpaka hapa Tabora. Yeye akaona haitoshi, akabeba na harufu ya bahari yetu! Naichukua, inarudi kwa wenyewe." Watu walicheka huku wanalia. Hata mama alicheka. Mzee Pazi akaitia chupa mfukoni, akaondoka nayo.

Mimi sikucheka. Najua mtani ana haki yake msibani, lakini nilimchukia, Baba. Mwaka mzima. Nilimwamkia shikamoo nikitazama chini ili asione macho yangu. Mashati yako yalikuwa yameshaishiwa harufu. Nilikuwa naanza kukusahau puani, na hilo lilinitisha kuliko kaburi.

Sasa sikiliza. Juzi aliyepangwa kusoma risala alikauka sauti kwa mafua. Mwalimu akasema aliyeiandika ndiye atakayeisoma, na aliyeiandika ni mimi. Jana asubuhi nikamwambia mama tumbo linauma, siendi. Akaenda nje, sijui alimwambia nani. Baada ya muda nikasikia hodi. Mzee Pazi!

"Mnyamwezi mdogo, nasikia mzigo wa karatasi mbili umekushinda?"

Akatoa chupa mfukoni. Manukato yalikuwa pale pale ulipoyaachia, theluthi moja.

"Ningewaachia, mngeyamaliza kwa kulia ndani ya wiki moja," alisema. "Niliiba nikutunzie. Baba yako alitaka uione bahari ukimaliza shule. Haya, hii ya kuanzia."

Nilimwomba radhi huku kamasi zinanitoka. Akanikemea: "Radhi kwa mtani? Unataka kuniachisha kazi?"

Nikajipulizia mara moja, nikavaa sare, nikaenda.

Unalijua joto la Oktoba chini ya turubai. Nilishika karatasi, nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Watoto wa mbele wakaanza kucheka. Jasho likanitoka, jasho la woga, likateremka mkononi mpaka kwenye vidole. Na bahari ikaja, Baba. Ilipanda kutoka mkononi mwangu, chumvi na mawe yaliyolowa, na wewe ukawa pale pale, Jumapili asubuhi, unafunga kifungo cha shati. Nikasema, "Mheshimiwa mgeni rasmi," na sauti ikatoka! Sikujua nina sauti kubwa hivyo.

Nilipomaliza, Mzee Pazi akasimama kule nyuma, akapaza sauti: "Mzigo umefika, jamani! Mnyamwezi kautua!" Hata mgeni rasmi alicheka. Nami nikacheka, Baba, kicheko nilichobakiza tangu siku ya mazishi.

Desemba Mzee Pazi anakwenda kwao pwani kwa treni, na mama amekubali niende naye. Nitafumba macho kwanza, ninuse. Ikinukia kama shingo yako, nitajua ulisema kweli. Isipokuwa hivyo, nitaiambia bahari kwamba imekosea.

Pumzika, Baba yangu. Chupa nitaitunza: mara moja tu kwenye kifundo cha mkono, kisha nitasubiri jasho.

Nyamizi wako