Kiti cha Somo Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Wamempa yeye. Uenyekiti wa Kamati ya Ulinzi — wamempa somo yangu. Nilipiga makofi kama wabunge wengine, na nadhani nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Niyaandike tu, hakuna atakayesoma. Naona wivu. Naona wivu mpaka meno yananiuma. Tunaitwa jina moja tangu shule, ndiyo maana tunaitana somo. Bweni moja, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Tumeingia bungeni uchaguzi mmoja. Lakini aliyekaa kwenye kamati hii tangu mwanzo ni mimi! Mimi ndiye ninayejua bajeti ya jeshi inavyofichwa ndani ya neno moja, "vifaa". Yeye ametoka Kamati ya Michezo juzi tu.

Jioni karani wa kamati akanipigia simu. Hongera, Mheshimiwa Mwenyekiti. Kisha samahani, alikuwa anamtafuta yule mwingine. Miaka yote hii nilidhani yule mwingine ni yeye.

Jumatano, 6 Machi

Kikao cha kwanza, milango imefungwa, simu zetu zote kwenye kikapu nje. Ameongoza vizuri. Hilo ndilo linaloniuma, angekuwa ovyo ningelala usingizi.

Ofisa wa wizara amesoma mstari wake wa bajeti: magari ya wagonjwa kwa ajili ya vikosi, yameshanunuliwa, yameshapokelewa, na sasa wanaomba fedha za kuongeza mengine kutoka kwa muuzaji yuleyule. Somo akamwacha amalize. Akasema kwa ile sauti yake ya asali kwamba mwaka huu kamati haipitishi kitu isichokiona. Tutakwenda kambini, tuyaone kwa macho.

Hilo wazo ni langu! Nilimwambia mwaka jana, tunakunywa chai nyumbani kwangu. Na yeye hakuliiba — alisema mbele ya wote, kama mwenzangu alivyowahi kushauri, akanionyesha kwa mkono. Hakuna aliyegeuza shingo. Heri angeiba.

Mdogo wangu amepiga simu kutoka mpakani. Ni kitinda mimba wetu, na ndiye mwanajeshi pekee nyumbani. Mwenzao amekanyaga bomu la ardhini. Wamembeba kwenye lori la maji, katikati ya matangi, njia nzima anarushwarushwa. Mguu umekatwa. Akaniuliza, bila hasira, dada, yale magari mliyotupitishia yako wapi? Nikamwambia tunakwenda kuyaona.

Jumanne, 12 Machi

Miguu imevimba, lakini leo naandika yote.

Kambi ya kwanza asubuhi. Brigedia akampigia somo yangu saluti, akamchukua mbele, askari mmoja kamshikia mwavuli. Sisi wajumbe tukafuata kama wapambe wa bibi harusi. Magari ya wagonjwa yalipangwa mstari mmoja, ya kijani, msalaba mwekundu ubavuni, namba ya kambi mlango wa nyuma. Yeye anauliza, Brigedia anajibu, mpiga picha anapiga. Nikabaki nyuma makusudi. Nilitaka ageuke aone nimebaki. Hakugeuka.

Kiatu kilikuwa kinanikata. Nikakivua, nikaegemea mlango wa gari la mwisho nisianguke. Rangi mbichi! Kiganja chote cha kushoto kikawa kijani, pamoja na pete. Nikajifuta kwa leso, nikanyamaza. Wajumbe wangenicheka, na yeye angenihurumia, na mimi kuhurumiwa na yeye siwezi.

Kisha chakula cha mchana. Kirefu! Nyama, hotuba, bendi, nyama tena. Brigedia ana hadithi haziishi. Kambi ya pili si mbali, ila basi letu likazungushwa njia ndefu, tukaambiwa barabara inatengenezwa.

Kambi ya pili: magari mengine ya wagonjwa, mstari mwingine, namba nyingine. Mimi nyuma tena, nimenuna tena. Kwenye mlango wa gari moja, pembeni kidogo ya namba, kuna alama ya kiganja. Vidole vitano, na kwenye kimoja rangi imebonyea palipokuwa na pete. Nikaangalia huku na huku. Nikaweka mkono wangu juu yake. Ulienea.

Ni magari yaleyale. Sisi tunakula, wao wanayahamisha. Wamebadilisha namba, kiganja hawakukiona. Nusu ya tulichokilipia haipo popote, na bado wanaomba nyongeza.

Simu zetu zilibaki getini, picha sina, nina mdomo tu. Nikakimbilia basi nimwambie somo kabla hatujaondoka, turudi wote akaone. Alikuwa kiti cha mbele, mwandishi wa habari anamhoji. Alikuwa ameniwekea nafasi kwa mkoba wake, akanipungia, njoo ukae. Yule mwandishi akanitazama, akaniuliza kwa adabu kabisa kama mimi ndiye msaidizi wa Mheshimiwa.

Nikapita. Nikaenda kiti cha nyuma kabisa. Huko nyuma ndiko wazo liliponijia: mwache. Mwache aseme ameona yote.

Jumatano, 13 Machi

Picha yake iko ukurasa wa mbele. Mwenyekiti akagua kwa macho yake. Pembeni kuna bega langu, nimelijua kwa blauzi.

Sijamwambia.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemwambia mume wangu. Alinisikiliza huku anapiga pasi mashati yake ya kwenda kufundisha. Akauliza sasa nangoja nini.

Nikamweleza. Somo atasoma ripoti bungeni, kamera zote kwake. Atasema magari yapo kamili. Hapo ndipo nitakaposimama, niombe mwongozo wa Spika, niseme nilichokiona. Watu wote watajua ni nani anayesimamia fedha za ulinzi na ni nani anayepiga picha.

Akainua pasi. Akauliza hapo namkomoa nani, wezi au mwenzangu. Nikasema wote. Akauliza tena, na hicho kiganja, wakipaka rangi upya kabla ya siku hiyo? Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia aangalie kola yake asiiunguze.

Ananiudhi anaposema kweli.

Ijumaa, 15 Machi

Leo tumepitisha ripoti. Karani amesoma aya moja moja. Ya magari inasema kamati imeyaona yote, kambi zote mbili, na inaridhika. Mwishoni kila mjumbe anatia sahihi chini ya maneno yale ya siku zote, nimeona kwa macho yangu.

Kabla ya sahihi somo akauliza kama kuna aliyeona tofauti. Akanitazama mimi. Akasema wewe siku ile ulikuwa nyuma, na aliye nyuma huona mengi. Hakuwa na kejeli, namjua. Alikuwa anauliza kweli. Ningefungua mdomo tu, yangekwisha palepale. Kamati ingerudi kambini mchana huohuo.

Lakini nikaona itakavyokuwa. Mwenyekiti afichua. Mwenyekiti awabana majenerali. Na bega langu pembeni.

Nikasema sina la kuongeza. Nikatia sahihi kwa kalamu yake. Nilijiambia ni ya mahudhurio tu.

Mlangoni akanishika mkono. Akauliza amenikosea nini siku hizi. Nikasema ni uchovu.

Jumapili, 17 Machi

Mdogo wangu tena. Mwenzake ametoka hospitali, anajifunza kutembea kwa magongo, anaangukaanguka na kujicheka. Akauliza kama tuliyaona magari. Nikasema tuliyaona. Akashukuru! Akasema atawaambia wenzake dada yake ameyaona, basi yanakuja. Alipokata simu sikuweza kuiweka chini.

Baadaye nikajaribu gauni la buluu. Buluu inatoka vizuri kwenye televisheni. Ndiyo, baada ya simu ile nilifungua kabati. Ndivyo nilivyo wiki hii.

Jumatatu, 18 Machi

Sijui nianzie wapi.

Somo amepiga simu mapema, analia. Binti yake amejifungua kabla ya wakati, mji mwingine, mtoto yuko kwenye mashine ya kupumulia. Anaondoka saa hii. Ameshaongea na Spika. Ripoti nisome mimi.

Akasema wewe kazi hii unaijua kunishinda, somo. Akasema kile kiti kilikuwa chako, na siku ile wananipigia makofi nililijua, nikakosa ujasiri wa kukataa. Nisamehe.

Nikasema pole. Nikasema nitasoma. Nilisema nitasoma kabla sijafikiri chochote, na niliposema nilifurahi. Kachanga kale kanapigania pumzi, bibi yake ananililia kwenye simu, na mimi nimefurahi mpaka viganja vinatoka jasho.

Tulipomaliza ndipo nilipokumbuka nitakachosoma.

Kwa nini sikumwambia? Mume wangu ameuliza hivyohivyo. Nikamjibu mtu ana msiba mlangoni, huwezi kumtwika mengine. Ukweli ni kwamba ningemwambia, angeizuia ripoti, na kesho nisingesimama pale.

Jumanne, 19 Machi

Bungeni. Vipaza sauti vimekufa, Spika amesitisha kikao mafundi washughulike. Naandika nikiwa palepale mbele, daftari nyuma ya ripoti. Wanadhani naandaa hoja.

Nimeshasoma utangulizi na aya za sare na chakula. Sauti haikutetemeka. Bunge lote kimya, hata wale wa kulala. Sikujua kuwa utamu wake uko hivi. Aya inayofuata ni ya magari.

Nikiisoma kama ilivyo, nyongeza inapita mchana huu, na mpakani wataendelea na lori la maji. Nikikataa kuisoma, nitaulizwa sahihi hii ni ya nani. Nitaulizwa nilikuwa wapi wiki nzima. Nitajibu nini — kwamba nilikuwa namsubiri mwenzangu aingie shimoni? Na mwenzangu hayumo. Yuko hospitali kwenye benchi na bintiye. Shimo lote ni langu peke yangu.

Alama yenyewe labda imeshapakwa rangi. Labda haijapakwa. Nikisema sasa hivi, kabla ya jioni tunaweza kuwa getini.

Jenerali mmoja ameshuka kutoka viti vya wageni, yule Brigedia wa kambini nyuma yake. Amenipa mikono miwili. Amesema Mheshimiwa Mwenyekiti, unasoma vizuri sana, nchi imepata mtu. Watu wa karibu wamegeuka kututazama. Wote, safari hii wote wamegeuza shingo.

Nilitakiwa kumwambia mimi si mwenyekiti. Nimesema asante. Nimesema asante, Jenerali, tutaendelea kushirikiana.

Taa nyekundu imewaka kwenye kipaza sauti changu. Spika anagonga meza, anasema Mheshimiwa Mwenyekiti aendelee. Anasema mimi. Natafuta pale nilipoishia.