Anjela, Ulikuwa Ukiaga Nini?

Anjela, shoga yangu,

Sijui hata nianze na salamu gani, ya kwenu au ya kwetu. Ulipokuwa hai hatukujiulizaga. Ulikuwa unaniita tu dirishani, "Zuhura, umelala?" na mie naacha cherehani natoka.

Tangu wakusafirishe kwenda kukuzika kwenu Mbinga, hapa Tandika sina pa kukutembelea. Wenzangu wanakwenda makaburini, wanang'oa majani, wanamwagia maji. Mie sina hata udongo wako. Ndiyo maana Jumamosi iliyopita nilijifunga ushungi nikaenda kule tulikokuwa tukizunguka wawili kwa miguu. Makanisani.

Nilianza na lile la vigae vyekundu linalotazama bandari. Mlinzi akaniuliza, "Dada, unamtafuta nani?" Zamani ulikuwa unajibu wewe. Nikamwambia nimekuja kupumzika, akaniachia nipite. Nikakaa benchi la nyuma, pale uliponinong'onezaga, "Kaa tu, Mungu hafukuzi mgeni." Kisha nikaenda kwenye lile la mnara mrefu, lenye vioo vya rangi. Ulikuwa ukisimama pale, mwanga wa buluu unakuangukia usoni, nakucheka nakwambia umekuwa jini. Safari hii mwanga uliangukia sakafu tupu. Nililia, Anjela. Mama mmoja aliyekuwa akifagia akanipa upindo wa khanga yake nijifute, wala hakuniuliza kitu.

Kutoka hapo nikatembea mpaka Kurasini, kwenye ile nyumba ya watawa. Njia ni ile ile, malori ya makontena, vumbi, jua la utosi. Yule sista mzee wa bustani akanitambua.

"Mwenzako yuko wapi?"

Nikamweleza. Kwamba ulianguka darasani ukiandika ubaoni, watoto wakadhani unawachezea. Kwamba daktari alisema moyo wako ulikuwa mgonjwa siku nyingi, na mwenyewe ulikuwa unajua. Sista akajishika kifua.

"Alikuja hapa peke yake wiki ile ile aliyofariki," akasema. "Aliniambia, Sista, nimekuja kuaga."

"Kuaga nini?"

"Sikumwuliza, mwanangu. Nilidhani anaolewa."

Tangu hapo kichwa changu hakikai sawa. Ulikuwa ukiaga nini? Kaka yangu Salumu ulimwambia asubiri, utampa jibu watoto wakimaliza mitihani. Na sote tulijua kuolewa naye ni kuacha kanisa, wazee wetu walishalisema bila kuficha. Basi uliaga kanisa kwa sababu umemkubali? Au uliaga dunia, kwa sababu ulijua moyo wako hauna siku? Na kama ulijua, mbona mie… Tulikaa kibarazani jioni zote zile. Mbona hukuniambia?

Mama yako alipiga simu. Anasema, "Mwanangu hakuwa wa kubadili dini. Mwambie kaka yako asijisumbue." Salumu naye anasema ulikuwa mkewe, imebaki ndoa tu. Kila mtu ana uhakika wake. Mie niliyeshinda na wewe ndiye nisiyejua.

Nililifungia moyoni neno la sista, naogopa. Lakini Salumu hali chakula. Anakwenda gereji anakaa tu kwenye tairi, wateja wanaondoka. Jana jioni nikamwambia. Akauliza, "Alisema kwa furaha au kwa huzuni?"

"Sista hakusema."

"Basi nipeleke."

Leo tumetoka huko. Kaka yangu, ambaye hajawahi kuvuka mlango wa kanisa, alivua kandambili nje ya kikanisa chao kama yuko msikitini. Sista akamwambia, "Ingia nazo tu, baba." Akakataa. Akaingia pekupeku, akamwuliza lile swali lake. Sista alifikiri sana.

"Alikuwa ametulia," akasema. "Nikiongeza zaidi ya hapo nitamsingizia."

Salumu hakulia. Watawa walikuwa wanakula, wakatuletea wali na maharage kwenye sinia. Akala, shoga. Akala mpaka akaomba maji.

Sasa sijui nikuombee vipi. Nimekusomea Fatiha, na nimemwomba sista akusalie kwa namna yenu. Zikikutana huko njiani, zipokee zote mbili.

Pumzika, Anjela. Watu wataendelea kuniuliza mie, kwa kuwa ndiye niliyekuwa mtu wako. Mama yako atauliza tena, na Salumu atauliza siku akizidiwa. Naweza kumpa kila mmoja anachotaka, na wote wangeniamini. Nakuahidi sitakutungia jibu. Nitawaambia ulikwenda kuaga, na ulikuwa umetulia. Basi.

Mie wako,
Zuhura