Nichore Nimekaa

Mpendwa mama,

Unakumbuka tulipoingia studio pale Njoro, mimi nikiwa na sare ya shule? Mpiga picha alitaka usimame nyuma yangu, ushike maua ya plastiki. Ukamwambia, "Kusimama nasimama sokoni kutwa nzima. Leo nipe kiti." Ukakaa, mkoba magotini, mimi kando yako. Tangu ututoke, ndivyo ninavyokuona kila nikikuwaza.

Nyumba ninamofanya kazi hapa Riyadh, mtaa wa Malaz, imejaa picha za mabwana wa Ulaya wa zamani. Zilichongwa mstari kwa mstari kwenye bamba la shaba, zikapakwa wino, zikachapwa karatasini. Nikizipangusa vumbi huwa nazitazama: bwana amekaa, nyuma yake pazia zito, mbwa miguuni, chini jina refu na nembo ya ukoo. Ukubwa wake unauona kabla hujaambiwa. Pembeni yuko mtumishi, ameshika kofia ya bwana. Yeye hana jina.

Madam mwenyewe anajifunza kuchonga hivyo. Siku moja akaniita. "Wanjiru, nataka kukuchora. Simama hapo na sinia la kahawa."

Sinia nikaliacha mezani, mama. "Nichore nimekaa, madam. Na chini uandike jina langu."

Akatazama ukutani, akanitazama mimi. "Jina kamili?"

"Wanjiru, binti wa Nyokabi wa Njoro."

"Yalla, haya basi," akasema, "vuta kile kiti kikubwa."

Nikakaa na gauni langu la kanisani, mgongo wima. Shingo iliniuma, ila sikuinama hata mara moja.

Bado nafua, bado napika. Lakini siku hizi nikiitwa, naitika huku nimeinua kichwa.

Juzi tulikwenda Jeddah kwa mama yake madam, tukampelekea nakala. Bibi akavaa miwani, akasoma polepole, kisha akanigeukia.

"Huyu Nyokabi alikuwa mtu mkubwa kwenu?"

"Sana," nikamjibu kwa Kiarabu changu cha jikoni. "Alikuwa anauza viazi."

Nililitamka kama cheo, mama. Hakuna aliyecheka. Bibi akaagiza picha itundikwe sebuleni, pale wageni wanapoingilia.

Lala salama, mama. Huku wameshaanza kukujua.

Ni mimi, kitindamimba wako,
Wanjiru