Uyoga Ambao Wifi Sabina Hakuula

Kaka Fidelis,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo. Natumaini mafua yamekuachia na mahindi yako hapo Mjimwema yameshachanua. Mimi ni mzima wa mwili tu. Baridi ya huku imenipasua midomo, na leo sina maneno ya kukupendeza.

Unakumbuka uyoga uliobaki umeanikwa kwenye ungo siku tulipomzika Mama? Niliuchukua nikaja nao huku maabara ninakofanya kazi. Nilitaka kupata ushahidi kwamba mkeo Sabina alitia kitu kwenye chungu alichompikia Mama.

Hakutia kitu. Sumu ilikuwa ndani ya uyoga wenyewe. Kwa macho ni ule ule tunaoula tangu utotoni, kofia nyeupe na pete shinani. Hata kwenye hadubini ulinidanganya. Nilipopima vinasaba ndipo zikatoka aina mbili, ambazo hata sisi wasomi tulikuwa tunaziita jina moja. Mmoja chakula, mwingine unaua ini. Kwa nje, ule mbaya umevimba kidogo tu chini ya shina.

Sabina aliliona hilo. Alimwambia Mama kwamba kwao Lusewa uyoga wenye shina la hivyo hawauokoti. Mama akanitumia picha kwenye simu, aniulize mimi msomi wake. Nami, kwa maringo yangu, nikajibu bila hata kuomba nilione shina: "Ndio wenyewe Mama, mpike. Mwambie wifi aache ushamba."

Sabina akapika kwa kuwa aliamriwa, na hakula kwa kuwa aliogopa. Kwenye kikao cha ukoo wewe ukamshika hapo hapo: "Mbona wewe hukula?" Akaeleza yote. Ukanigeukia pale mkekani, "Eti Sikola, Mama alikuuliza?"

Nikasema hapana.

Ukamtupia nguo zake nje, mvua inanyesha. Nilitazama tu. Sasa mwanao akimwona mama yake sokoni anakimbia, maana mmemwambia ni mchawi. Ndiyo maana niliupima ule uyoga, Kaka. Niliomba uwe safi ili hatia ibaki kwa Sabina.

Uitishe kikao tena, watu wale wale. Isome barua hii kwa sauti na usiliruke jina langu. Halafu nenda Lusewa ukapige magoti. Asipokufungulia mlango, ana haki.

Nisalimie Baba Mdogo aliyeongoza kikao, na Shangazi aliyemtemea mate Sabina. Mwanao Nuru mwambie mama yake ndiye peke yake aliyejaribu kumwokoa bibi.

Ukidhani nimetunga, aliyekuletea barua hii amebeba na simu ya Mama, ile niliyoichukua nikisema ni kumbukumbu. Jibu langu limo humo. Namba ya siri ni mwaka uliozaliwa wewe.

Mdogo wako,
Sikola