Meno ya Minza

Dutwa, 12 Julai 1996

Mwangaluka, kaka Bujiku,

Sisi wazima. Mwaka huu pamba tunawauzia wanunuzi binafsi, na senta imejaa magari.

Kuhusu binti yako Minza: uliponiletea ulisema ana vidonda vya tumbo. Majirani wakadai ana mimba. Jino lilipomuuma nikampeleka Bariadi kwa daktari wa meno. Alimkagua, akamwuliza taratibu, "Mwanangu, unatapika mara nyingi? Meno yako yameliwa na asidi ya tumboni."

Minza akalia. "Najitapisha, shangazi. Kila nikila naogopa kunenepa. Baba ananiita kiboko mbele ya watu."

Najua ulikuwa unatania, kaka. Usimtanie hivyo tena.

Sasa anaongea na nesi mmoja mpole kila wiki, na tukishakula tunakaa wote tukimenya karanga mpaka ile hamu ya kwenda kutapika impite. Siku nyingine inamshinda. Lakini jana alikula michembe ya viazi vitamu na chakula kikakaa tumboni, na leo asubuhi ameniuliza mwenyewe, "Shangazi, mchana tunapika nini?"

Njoo, kaka. Njoo ule naye.

Dada yako,
Flora