Kompyuta ya Mdadisi, Nyepesi au Nzito

Chumba cha nyuma, ghorofa ya tatu,
Juu ya duka la miwani.
Jumanne, 9 Septemba, asubuhi.

Mpendwa Mdadisi wangu,

Marahaba, mwanangu. Najua shikamoo yako ilikuwa njiani, nami nimeona niipokee mapema. Hujambo? Mgongo wa baba yako unasemaje siku hizi, bado anainuka kwa awamu kama jengo la serikali? Na mama yako, kile kikohozi kimempa nafasi, au bado anakunywa dawa nusu na nusu anaificha? Mimi ni mzima. Magoti yananung'unika kwenye ngazi, lakini tukifika juu yananyamaza. Kinachonisumbua si mwili. Tangu Jumamosi sikai nikatulia. Nakaa, nainuka, nachungulia dirishani, narudi kukaa. Chai nimeipasha moto tena na tena na bado iko kikombeni.

Sababu iko mezani mbele yangu, ndani ya kasha ambalo sijalifungua. Ni kompyuta yako.

Ningeweza kukupigia simu, lakini simu hunifanya nikubali kila ninachoambiwa, na jambo hili nataka kulifikiria kwa kalamu. Ukoo mzima umechanga, kila mtu kwa uwezo wake, ili upate kompyuta moja ya kubebeka ya kukufikisha mwisho wa chuo, usome nayo na uhariri video zako. Ya pili haipo. Nikikosea mimi, utaishi na kosa langu mpaka siku unavaa joho. Binamu yako dereva wa lori, huyu tunayemwita Taratibu, anaondoka kuja huko Alhamisi alfajiri, naye ndiye atakayeibeba pamoja na barua hii. Duka limekubali kunibadilishia, mradi kasha liwe halijafunguliwa. Basi nina leo na kesho tu za kukata shauri.

Ngoja nikueleze nilivyoinunua, kisha ucheke au ukasirike.

Uliniandikia kwamba iwe nyepesi, kwa kuwa utapanda basi hili na lile kwenda chuoni na kurudi nyumbani kila siku, tena iwe na nguvu za kuhariri, mengine nichague ninavyoona. Mimi nikalishika hilo la kwanza na hilo la pili likanipita hivihivi. Dukani nilisimama mbele ya meza ndefu nikawa naziinua moja moja kwa mkono wa kushoto, macho nimeyafumba. Muuzaji, mwanamke mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alinivumilia kidogo, halafu uvumilivu ukamwishia.

"Mama, hizi hatuuzi kwa kilo."

"Najua. Nipe na hiyo ya pembeni."

"Si ungeniuliza kwanza ina nini ndani?"

"Ya ndani utaniambia baadaye. Hiyo ya kijivu haina kitu mkononi, au nimeshachoka?"

"Haya, mama mizani. Hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote."

Nikaichukua hiyo. Nyembamba, inang'aa, haivumi hata kidogo ikiwashwa. Nilirudi nayo nimeikumbatia kama mtoto mchanga na sikumsalimu mtu njiani.

Jumapili akaja Taratibu kuangalia mzigo wake. Akaligeuzageuza kasha, akauliza, "Shangazi, ina ram ngapi?"

Nikamwambia ni nyepesi sana.

"Nimeuliza ram."

"Nami nimekujibu."

Alicheka mpaka akalazimika kukaa. Lakini alipoondoka, kicheko chake kilibaki humu chumbani, nikashindwa kukitoa. Nimefanya kazi ya kusahihisha chapa tangu ujana wangu. Nimelipwa kuona nukta iliyokosekana katika ukurasa mzima. Iweje nisome barua yako mistari miwili na niuone mmoja?

Kwa hiyo jana nilirudi dukani na ile filamu yako, ile uliyomrekodi baba yako akitengeneza cherehani, uliyonitumia nikaihifadhi kwenye flashi. Nikamwomba muuzaji aiweke kwenye mashine ya maonyesho iliyo sawa kabisa na niliyonunua, aifungue kwenye programu ya kuhariri, akate hapa na kuunga pale kama utakavyofanya wewe.

Mwanangu, baba yako, kaka yangu mwenyewe, aliganda. Aliinua chupa ya mafuta, mkono ukabakia hewani. Sauti yake ilikuwa imeshamaliza sentensi, mdomo bado unatafuta pa kuanzia. Akaruka, akawa amevaa kofia. Akaruka tena, hana kofia. Chini ya mashine kulikuwa na joto la pasi. Muuzaji hakunicheka. Alisema, "Haina feni, mama, na ram yake, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni ndogo, tena imechomelewa humo humo, huwezi kuiongeza. Hii ni ya mtu wa kusoma na kuandika barua."

"Yaani ni yangu," nikasema.

"Ni yako haswa. Ya mhariri ni ile nyeusi pale."

Akaihamishia filamu kwenye ile nyeusi. Na hapo baba yako akatembea, akapuliza vumbi kwenye gurudumu la cherehani, akakutazama wewe uliyeshika kamera, akasema lile neno lake kuhusu wateja wanaoleta mashine ikiwa na siafu ndani, akacheka. Kicheko chake nakisikia kwenye simu kila mara. Uso wake ninao kwenye picha. Tukipigiana simu za video, unajua mwenyewe, yeye hunionyesha kipaji cha uso na dari. Kicheko na uso kwa pamoja, mdomo na sauti vikienda sawa, sikuwa nimeviona tangu nilipoondoka kwetu. Nilimwomba muuzaji arudishe nyuma. Akarudisha. Nikamwomba tena. Wateja wakawa wanapita pembeni yetu.

Ungedhani ningeibadilisha pale pale. Sikuibadilisha. Niliinua ile nyeusi, mkono ukakataa. Nikakufikiria kwenye basi umesimama, chuma hicho kimekulalia begani, mvua inanyesha. Nikaiweka chini nikarudi nyumbani, na ndiyo maana leo asubuhi naandika badala ya kunywa chai.

Jumanne, jioni.

Nilishindwa kuendelea. Niliteremka kwa fundi wa miwani, huyu mzee wa chini, kuchukua miwani yangu ya kusomea aliyokaza skurubu. Nikamweleza habari yote bila kuombwa, maana nilikuwa nimejaa. Nyepesi inamfaa bega, nzito inamfaa kazi, binti ananiambia nichague ninavyoona, nami sioni. Alinisikiliza huku anafuta kioo.

"Huyo binti anakwenda wapi?" akauliza.

"Si nimekwambia, chuoni."

"Nimesikia. Kutoka chuoni anakwenda wapi?"

"Anarudi nyumbani kwao."

"Na kesho yake?"

"Chuoni tena. Jioni nyumbani. Unaniuliza nini wewe mzee?"

"Mimi sijauliza kitu. Miwani yako hii hapa, na usiilalie."

Nilipanda ngazi nikasimama mlangoni nikakitazama chumba changu. Kiti ni cha kukunja. Kitanda ni cha mwenye nyumba. Kabati sijawahi kununua. Vitabu nimesoma vingi, maktaba ya mtaa huu wananijua hata kwa kikohozi, ila nilivyo navyo mwenyewe ni vile vinavyoingia mfukoni, maana rafu ya vitabu haikimbiki nayo. Tangu nilipotoka kwetu, kila nilichokishika nimekiuliza swali moja tu: usiku ukiharibika, naweza kuondoka nacho kwa mkono mmoja? Na sijilaumu kuuliza hivyo. Mkono huu wa kushoto umeniokoa zaidi ya mara moja, huku wa kulia umemshika mtu niliyekimbia naye.

Lakini wewe hukimbii, mwanangu. Wewe unatoka asubuhi na kurudi jioni. Nilikuwa nakununulia kompyuta ya mtu anayekimbia.

Jumatano, baada ya adhuhuri.

Nimerudi sasa hivi, naandika koti likiwa mwilini. Nimebadilisha. Kwa bahati bei zao zilikaribiana, kwa kuwa hii nyeusi ni toleo la mwaka jana, na muuzaji alisema mwaka mmoja haujawahi kumdhuru mhariri. Safari hii nilimuuliza ya ndani kwanza. Ina ram gigabaiti thelathini na mbili, kadi yake yenyewe ya kuchakata picha, diski ya terabaiti moja, feni mbili, tundu la kadi ya kamera, na kioo kisichong'aa ili usijione uso wako badala ya kazi yako. Rangi zake nilizikagua kwa ule uzi mwekundu kwenye cherehani, ulikuwa mwekundu.

Sitakudanganya, ni nzito. Inapita kilo mbili, na chaja yake ni tofali. Taratibu ameibeba juu analalamika kila ngazi. "Shangazi, umemnunulia kompyuta au umemjengea chuo?" Nikamwambia ole wake aiweke nyuma na magunia. "Nyuma tena? Itakaa mbele na mimi, nitaifunga mkanda kama mkwe." Mwangalie akifika. Akiwa na haraka, ujue si yeye.

Ukiipokea, usiipakate kitandani juu ya blanketi, itakosa hewa na kupiga kelele. Tafuta mkoba wa mikanda miwili mipana, uvae mgongoni sawasawa; usiutundike bega moja kwa kuringa. Nunua diski ya nje polepole, ukipata nafasi, na kila kazi uiweke sehemu mbili. Siku za masomo ya kuandika tu, daftari na kalamu vinatosha. Siku za kuhariri chuoni, utaibeba, utaichukia kwenye ngazi za basi, na utanitaja. Nitaje tu. Na ikikushinda kabisa, niandikie unitukane kwa adabu. Bado sina hakika kama nimefanya sawa, na koti nadhani nimeshindwa kulivua kwa sababu hiyo.

Filamu ya baba yako usiikamilishe kwa ajili yangu. Hariri utakalo wewe. Mimi nimeshaona nilichokuwa nakitafuta, na muuzaji ameshaniona nikilia, basi yamekwisha.

Ila mwombe baba yako akutengenezee meza. Meza ya kweli, yenye miguu minne isiyokunjwa, karibu na dirisha lako. Uiweke kompyuta hapo, uichomeke, uizoee. Halafu siku usiyoihitaji uiache hapo hapo, utoke, ufunge mlango, uende zako bila kugeuka nyuma. Ukirudi utaikuta.

Nisalimie baba yako na umwambie kofia ile aitupe. Mama yako mpe salamu pamoja na amri ya kumaliza dawa. Wadogo zako uwagawie salamu sawa kwa sawa, wasigombane. Majirani wanaonikumbuka, na hata wale waliokwisha kunisahau, wape zao.

Mungu akulinde uendako, na zaidi akulinde urudipo, kila siku, mpaka uchoke kurudi.

Ni mimi shangazi yako akupendaye,
Mama Mizani, kama ninavyoitwa dukani sasa.