Rangi kwa Kiganja

Kaka yangu mpiga ngoma,

Najua umenuna kwa kuwa sipokei simu zako. Nimezama kwenye jarida letu jipya la muziki. Vijana niliowaonyesha jalada la kwanza walicheka, mmoja akaandika pembeni: "Dada, hili si tangazo la bima?" Nikalichana, nikaanza upya kwa njano na herufi nene zinazoyumba kama wachezaji. La sasa wamelinyang'anyana.

Rangi za kurasa nazichagua kwa kiganja: nakibandika kwenye spika, na wimbo unaotikisa sana naupa nyekundu. Masikio yamegoma, kaka, hayasikii tena. Mhariri nimemwambia leo, na kazi siachi ng'o.

Basi usipige simu, andika. Na ukija, njoo na ngoma yako. Wewe utapiga, mimi nitaikumbatia.

Ni mimi, mdogo wako king'ang'anizi